MAPAMBO YA NYUMBA YAKO: ALIYEYATENGENEZA ALIPATA NINI?

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, akina baba, akina mama na wanafunzi wetu wapendwa, kila inapokaribia Idi au msimu wa harusi hapa Gisenyi, nyumba zetu huingia katika pilikapilika. Mapazia yanabadilishwa, makochi yanavishwa vitambaa vipya, kuta zinapakwa rangi, na maua ya plastiki yanapangwa mezani. Hayo peke yake si mabaya. Dini yetu haichukii uzuri. Ubaya uko mahali pengine, na hapo ndipo ninapotaka tupazungumze leo bila kuoneana haya.

Tunapochagua pambo la nyumba tunauliza maswali mengi. Linapendeza? Linauzwa bei gani? Limetoka Dubai au Uturuki? Jirani analo? Swali moja hatuliulizi: ni mkono wa nani uliolitengeneza, na je, mkono huo ulipata haki yake? Mimi nasema kwamba kwa Muislamu hilo ndilo swali la kwanza. Nyumba isiyoliuliza, hata ikijaa aya ukutani, inaweza kuwa imepambwa kwa jasho la mtu aliyedhulumiwa.

MIPAKA MITATU, NA MMOJA TULIOUSAHAU

Katika Suuratul A’raaf kuna aya mbili zinazofuatana. Ya 31 inatukataza israfu. Ya 32 inawakemea wale wanaoharamisha mapambo ambayo Allah amewatolea waja wake. Kwa hiyo mlango wa uzuri uko wazi, lakini una mipaka.

Mpaka wa kwanza ni israfu yenyewe. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alihesabu vitanda vya nyumbani: cha mume, cha mke, na cha mgeni. Cha nne akakinasibisha na shetani. Tafakari hilo, kisha uhesabu seti za vikombe zilizofungiwa kabatini mwako zikisubiri mgeni ambaye hajafika kwa miaka kumi.

Mpaka wa pili ni picha na sanamu za viumbe wenye roho. Tunakijua kisa cha Mama Aisha (R.A.) na pazia lake lenye picha, ambalo Mtume (S.A.W.) alilichukia. Alilikata akatengenezea mito. Tazameni mafunzo mawili hapo: picha iliondolewa ukutani, na kitambaa hakikutupwa.

Mipaka hiyo miwili tunaihubiri sana. Wa tatu tumeusahau. Nabii Shu’ayb (A.S.) aliwaamrisha watu wa Madyan watimize vipimo na mizani, kisha akaongeza jambo lingine: wasiwapunje watu vitu vyao. Lipo katika Suurat Huud, aya ya 85, na limekaririwa katika sura nyingine. Imamu Al-Qurtubi, katika kueleza kupunja huku, amesema kunaingia pia kukitia kitu dosari na kukidunisha mbele ya mwenyewe, au kumhadaa katika thamani yake. Yaani hata ukiwa huna mizani mkononi, unaweza kuwa mtu wa Madyan kwa ulimi wako tu.

BEI MBILI KATIKA MJI MMOJA

Sasa tuje sokoni kwetu. Muislamu anaingia duka lenye vioo, anachukua saa ya ukutani iliyobandikwa bei, anakwenda kwa mhasibu na kulipa kimya kimya. Hasemi neno. Halafu anatoka nje, anakutana na mama aliyeketi na vikapu vyake, na hapo ndipo ulimi unapofunguka. “Hiki ni majani tu!” “Hata mtoto anaweza kusuka!” “Nipe kwa nusu au uondoke nacho.” Nimesimama karibu na soko la Mbugangari nikamsikia ndugu yetu mmoja akisema maneno kama hayo huku tasbihi iko mkononi.

Tufanye hesabu ya mfano, kama tunavyofanya darasani. Tuseme mama amesuka agaseke kwa siku 6, kila siku saa 4 baada ya kutoka shamba. Hizo ni saa 24. Anaomba faranga 12,000, yaani faranga 500 kwa saa, na bado hajatoa gharama ya katani na rangi. Wewe unashikilia 5,000. Sasa saa yake moja imekuwa faranga 208. Akikubali, usijidanganye kwamba ameridhia. Amekubali kwa sababu jua linazama na watoto wanamsubiri. Je, ungekubali saa yako wewe ithaminiwe hivyo?

Sisemi kupatana bei ni haramu. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alipatana na Jabir (R.A.) bei ya ngamia walipokuwa safarini. Lakini kisa kiliishaje? Walipofika Madina alimlipa bei yake kamili, kisha akamrudishia na ngamia wake. Sisi tumeshika mwanzo wa kisa na kuuacha mwisho wake. Na imepokewa katika Bukhari kwamba alimwombea rehema mtu aliye mwepesi anapouza na anaponunua. Tunayapenda sana mafundisho ya muuzaji mwaminifu. Vipi kuhusu mnunuzi mwenye huruma?

VITU TULIVYO NAVYO NA TUNAVIDHARAU

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu ametuweka katika nchi yenye mikono ya ajabu. Agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, husukwa kwa nyuzi za katani zinazozungushwa juu ya kiini cha majani, mzunguko mmoja baada ya mwingine, na kikiwa kikubwa kinaweza kuchukua wiki kadhaa. Kimo katika nembo ya taifa iliyopitishwa mwaka 2001. Kwenye harusi za Kinyarwanda ndicho kinachobebea zawadi. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 wanawake waliketi pamoja wakasuka, wakiwemo wale ambao waume zao waliuawa na wale ambao waume zao walikuwa gerezani kwa kuua. Kupitia kampuni ya Gahaya Links ya dada wawili, Joy Ndungutse na Janet Nkubana, vikapu hivyo vilianza kuuzwa mwaka 2005 katika maduka makubwa ya Macy’s nchini Marekani.

Basi fikiria. Mmarekani asiyejua hata Gisenyi iko wapi ameweka agaseke mezani kwake na kukionyesha kwa wageni. Sisi tulio jirani na msukaji tunaweka tunda la plastiki ndani ya bakuli la plastiki. Nani kati yetu amemtambua jirani yake?

Angalia pia imigongo kutoka mashariki ya nchi, upande wa Kirehe, kazi ambayo masimulizi yanaihusisha na Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka. Ni michoro ya pembe na mistari inayofinyangwa kwa kinyesi cha ng’ombe kilichochanganywa na majivu, kisha hupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Haina uso wa mtu wala mnyama. Je, si ajabu kwamba tunatundika picha ya farasi anayekimbia, kisha tunasema sanaa ya hapa “haiendani na nyumba ya Kiislamu”?

Najua mwanafunzi wangu mmoja atainua mkono: “Ustadhi, na ile najisi?” Swali zuri. Wanazuoni wamekhitilafiana. Kwa Maliki na Hanbali, kinyesi cha mnyama anayeliwa ni tohara. Kwa Shafi’i, ambao ndio wengi katika Afrika Mashariki yetu, ni najisi. Anayefuata Shafi’i asiiweke anaposwalia wala isigusane na nguo ya swala, na ajue msimamo wa madhehebu yake kabla ya kuinunua. Vinginevyo achague agaseke au mkeka, ambavyo havina mjadala huo. Lakini asilifanye suala la tohara kuwa kisingizio cha kumdharau fundi.

Na kuna mkeka. Umar bin Al-Khattab (R.A.) aliingia kwa Mtume (S.A.W.) akamkuta amelala juu ya mkeka usio na tandiko, alama zake zimebaki ubavuni mwake, na chini ya kichwa mto wa ngozi uliojazwa nyuzi za mtende. Umar akalia akikumbuka anasa za Kisra na Kaisari. Wenzetu wa Unguja na Pemba mpaka leo wanasuka mikeka ya ukili iliyotiwa rangi. Kwetu kuna ikirago cha mafunjo. Mtu akikitandika sebuleni leo anaambiwa amerudi kijijini. Aliyesema hivyo afikirie kwanza amemtaja nani.

MFINYANZI NA CHUNGU CHAKE

Hapa nitasema jambo zito kidogo. Kazi ya kufinyanga vyungu katika nchi hii ilikuwa riziki ya jamaa ambao lugha rasmi leo inawaita walioachwa nyuma na historia. Jerikani za plastiki na sufuria za aluminiamu zikaua soko lao. Mabonde walikochimba udongo yakageuzwa mashamba. Na juu ya hayo yote kulikuwa na dharau: zamani watu walipika katika chungu cha mfinyanzi lakini hawakukubali kula na mfinyanzi chombo kimoja.

Enyi Waislamu, sisi ni watu wa sinia moja! Katika swala bega linagusa bega. Nabii Daud (A.S.) alikula kutokana na kazi ya mkono wake, Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala, na Mama Zaynab bint Jahsh (R.A.), mke wa Mtume, alifanya kazi za mikono na kutoa sadaka alichokipata. Sasa dharau ya kazi ya mikono imeingiaje misikitini kwetu? Ikiwa umenunua mtungi mzuri ukauweka mlangoni, lakini aliyeufinyanga akija kwako unampa maji katika kikombe cha peke yake, basi pambo hilo ni shahidi dhidi yako.

AYA UKUTANI

Ndugu zetu wengi wanapenda kutundika Ayatul Kursiy iliyochapwa kwenye plastiki yenye rangi ya dhahabu. Mimi sitaingia katika khitilafu za wanazuoni juu ya kutundika aya. Nauliza tu: maneno ya Allah yanachapwa kwenye kitu dhaifu, baada ya mwaka herufi zinabanduka, kisha kinakwenda wapi? Nimeona vipande vyake kwenye takataka. Hii ni heshima gani?

Tunao vijana katika madrasa zetu wenye hati nzuri ya Kiarabu. Tunao maseremala wanaoweza kutengeneza fremu. Kama ni lazima utundike, kwa nini usimlipe kijana wa hapa aandike kwa wino, na seremala aitie kwenye mbao? Kitadumu, kitaheshimiwa, na riziki imebaki mtaani.

WANAYOYASEMA WANAONIPINGA

“Vitu vya mkono ni ghali.” Vingine ni ghali, kweli. Lakini kikapu kilichosukwa vizuri kinarithiwa. Ua la plastiki linafifia kwa jua la miezi michache, unanunua jingine. Na aliye maskini hakulazimishwa kupamba. Jerikani yake na beseni lake havina lawama yoyote, na mtu asitumie makala hii kumcheka. Maneno yangu yanamhusu mwenye uwezo, anayetoa mamia ya maelfu kwa makochi, wakati mwingine kwa mkopo wenye riba, kisha anamnyima msukaji elfu mbili.

“Vitu vya kienyeji vina ushirikina.” Kikapu ni kikapu. Ukikitundika kwa kuitakidi kwamba kinakinga husda, umekosea. Lakini mbona lile jicho la buluu kutoka Uturuki, ambalo asili yake ni hiyohiyo ya kukinga husda, mmelitundika mlangoni na kwenye gari na hamkuogopa? Au ushirikina ukija kwa ndege unakuwa fasheni?

“Hata vya kiwandani vimetengenezwa na watu.” Sawasawa, na hao pia ni waja wa Allah wenye haki zao. Ndiyo maana sikusema kitu cha nje ni haramu. Nimesema uliza. Tofauti ni kwamba mfanyakazi wa mbali huwezi kumfikia kwa urahisi, ama jirani yako utaulizwa habari zake moja kwa moja.

SI KILA CHA MKONO KINA BARAKA

Tuwe waadilifu pia upande wa pili. Neno “kazi ya mkono” si cheti cha uhalali. Mwaka 1994 huko India, Kailash Satyarthi alianzisha alama ya Rugmark, ambayo leo inaitwa GoodWeave, kwa sababu mazulia mazuri ya mkono yalikuwa yanafumwa na watoto wadogo waliofungiwa kwenye mitambo ya kufumia badala ya kuwa shuleni. Mwaka 2014 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Basi hata zulia lako la sebuleni lina hisabu. Na hapa kwetu, ukiona mtoto wa darasa la tatu anasuka vikapu saa za masomo, usifurahie urahisi wa bei.

Mbao nazo ni hivyo hivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na Rubavu yetu ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa vibaya. Mto Sebeya uliingia majumbani ukabeba kila kitu. Mvua ni ya Allah na kadari ni yake. Lakini mto huo unashuka kutoka milima ya Gishwati, ambako msitu ulikatwa kwa miaka mingi ukabaki kipande kidogo, mpaka sheria ya mwaka 2015 ilipoufanya hifadhi ya taifa pamoja na Mukura. Mlima ukivuliwa miti, udongo unateremka. Ng’ambo ya mpaka, mkaa na mbao kutoka Hifadhi ya Virunga vimekuwa chanzo cha fedha kwa makundi yenye silaha. Kwa hiyo unapoagiza kabati la mbao ngumu kutoka msituni Kongo, muulize seremala: mbao hii imetoka wapi, na ina vibali? Mti wa kupandwa kama grevilea, mkaratusi au msipresi unatengeneza meza nzuri tu.

Msiniambie kwamba haiwezekani kubadili mazoea. Mwaka 2008 sheria ya nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na mwaka 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja. Watu walinung’unika, kisha wakazoea. Ikiwa tunaitii amri kwa kuogopa faini, vipi tushindwe kutenda haki kwa kumwogopa Allah?

TUFANYE NINI?

1. Kabla ya kununua pambo, uliza limetengenezwa na nani, wapi, na kwa kitu gani. Muuzaji akikuona unauliza, naye ataanza kuuliza anakonunua.

2. Msukaji, mfinyanzi au seremala akitaja bei, muulize kazi ilimchukua siku ngapi. Kisha ufanye ile hesabu ya saa moyoni mwako kabla hujafungua mdomo. Na usiitie kazi yake dosari isiyokuwepo ili ushushe bei.

3. Ukimwagiza fundi, mpe kianzio, na mlipe salio siku anayokabidhi. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi qudsi iliyopokewa na Bukhari, anayemtumikisha mtu kikamilifu kisha asimlipe ni miongoni mwa watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. “Njoo Ijumaa” mara nne si malipo.

4. Katika harusi na Idi, zawadi moja iwe ya mkono wa hapa. Maharusi wakipewa mkeka mmoja mzuri ni bora kuliko saa tano za ukutani zinazofanana.

5. Wanafunzi, jifunzeni kazi moja ya mikono. Walimu na wazazi, tuwaalike wasukaji na maseremala kwenye madrasa zetu wakati wa likizo, tuwalipe, wawafundishe watoto. Mtoto aliyewahi kusuka safu tatu na vidole vikamuuma hatasema tena “ni majani tu”.

Ndugu zangu, wageni wakija wataangalia mapazia. Malaika wanaandika mengine. Siku hiyo hakuna atakayetuuliza kama mito yetu ilifanana rangi na zulia. Tutaulizwa juu ya mali: tuliichuma wapi na tuliitumia katika nini. Na yule mama wa vikapu atakuwepo, na safari hii hatakuwa na haraka ya kurudi nyumbani kabla jua halijazama.

Tunamwomba Allah (S.W.T.) azifanye nyumba zetu kuwa na utulivu na rehema, atukinge na israfu na kiburi, aibariki mikono inayofanya kazi halali, na atujaalie tuwe wepesi tunapouza na tunaponunua. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq.

Wassalaamu ‘alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.